Spika ya Kushoto

Mwezi uliopita nilivuka feri kutoka Likoni nikaenda Junda kuhani. Bi Rehema alikuwa amefariki, mtu mzima sana, alijinyoosha baada ya adhuhuri asiamke tena. Nilifika maziko yamekwisha, wanaume wametawanyika, wanawake wamejaa ndani kwenye mikeka. Bintiye, Mwanaisha, ambaye naye sasa ana mvi, alinishika mkono akaniketisha karibu yake, akawaambia waliokuwepo, "Huyu ni Sidi. Alikaa na wazee wangu kule Chaani. Ndiye aliyekuwa akimsaidia baba na spika zake." Wanawake wakanitazama kwa mapenzi, na mmoja akasema, "Mungu akulipe, mama." Nikainama nikajitia natafuta leso yangu. Mtu akisifiwa mahali alipoharibu, hana pa kuuweka uso. Tangu siku ile mwaka ule wa Chaani umekuwa ukinijia nikipika, nikifua, nikiwa kanisani, na kwa kuwa waliouona wote wametangulia, nimeona niuseme mimi niliyebaki.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilishona mashati katika kiwanda kimoja huko Changamwe, na nikisema mashati nadanganya, maana mimi nilikuwa wa kola tu. Kola asubuhi, kola jioni. Shati zima sikupata kulishona hata siku moja. Chumba changu kilikuwa cha tatu mkono wa kulia katika nyumba ya vyumba sita, na kuta za kugawa vyumba zilikoma kabla ya kufika kwenye bati, kwa hiyo harufu ya mchuzi wa jirani ilikuwa yako, na ugomvi wake pia. Chumba cha kwanza na cha pili vilikuwa vya Mzee Athmani na mkewe, Bi Rehema. Mzee alikuwa mtu wa bandarini, ameendesha winchi za kushushia mizigo karibu miaka thelathini, na sasa alikuwa amestaafu. Chumba cha kwanza walilala. Cha pili kilikuwa cha spika.

Nimeviona vyumba vingi maishani, lakini kile naweza kukichora nimefumba macho. Kilinuka gundi, mafuta ya taa na vumbi la mbao kuukuu. Kulikuwa na spika za redio za melini, za hoteli zilizobadilisha mitambo, za nyumba za Wazungu waliorudi kwao. Alizipata kwa wauza vyuma chakavu nyuma ya soko la Kongowea, akazipakia kwenye mkokoteni pamoja na viazi vya Bi Rehema. Nyingine zilikuja makasha matupu yaliyoliwa na mchwa. Nyingine karatasi zake za ndani zimechanika kama chapati. Alizikarabati kwa miezi, akazipigia santuri siku mbili tatu, akazifunika shuka, akaanza nyingine. Hakuuza hata moja. Majirani walimwona ana wazimu mpole, ule usiomdhuru mtu. Nilipomuuliza kwa nini anajitaabisha, alinijibu kana kwamba nimeuliza kwa nini anakula. "Kitu kilichosema na watu miaka arubaini, mwanangu, utakiachaje kife bubu?"

Aliniletea ya kwanza Jumapili moja, nimetoka kanisani sijavua hata viatu. Alipiga hodi akiwa ameibeba mikononi kama sinia. "Shikamoo, mzee," nikasema. "Marahaba. Nasikia wewe washona nguo." Nikamwambia nashona kola. Akafikiri. "Kola ni mviringo?" "Ni nusu mviringo, mzee." "Basi hiyo nusu nyingine takufunza mimi." Ukingo wa ile spika ulikuwa umeliwa na mende. Huo ni mviringo wa kitambaa chepesi kinachoishikilia karatasi ya spika kwenye chuma chake, ili icheze kwenda mbele na kurudi nyuma bila kuyumba. Kiwandani kulikuwa na mabaki ya kitambaa tuliyoruhusiwa kuchukua. Nikamkatia, akagandisha, na siku ya tatu tukaipigia santuri. Sauti ya mwanamke ikatoka kwenye kile chuma kilichokuwa kimekufa. Nilikaa chini sakafuni. Kiwandani hakuna niliyewahi kumwona akivaa kola yangu, lakini hapa kazi ya mikono yangu ilikuwa inaimba mbele yangu.

Toka hapo Jumapili zangu zilikuwa za chumba kile. Bi Rehema alituletea mahamri na mbaazi, au viazi vya karai, akaweka sahani juu ya kasha lolote lililokuwa karibu, na mzee akapiga kelele, "Si hapo, mwanamke, hapo pana vanishi!" Nilijifunza kuondoa vumbi la chuma kwenye mwanya wa sumaku kwa kipande cha karatasi yenye gundi. Nilijifunza kwamba chini ya karatasi ya spika kuna koili, waya mwembamba uliozungushwa kama uzi kwenye bobini, nayo hukaa ndani ya mwanya mwembamba wa sumaku na haitakiwi kugusa popote. Ukingo ukivuta upande mmoja, hata kidogo, koili itagusa, na spika itakwaruza. "Ukisikia mkwaruzo," alisema mzee, "jua fundi alikuwa na haraka." Na mimi nilikuwa mwenye furaha mwaka ule kuliko nilivyojua. Mtu huijua furaha akishaipa mgongo.

Sikumbuki siku nilipogundua kwamba hasikii. Haikuwa siku moja. Kwanza niliona anauliza sana. "Wasikiaje, Sidi? Ile filimbi ya juu yatoka?" Nilidhani ananipima, kama mwalimu. Kisha nikaona anaweka kiganja juu ya kasha muziki ukipigwa, anafumba macho. Kisha nikaona kwamba nikizungumza nikiwa nimeinama kwenye kazi, hanijibu. Nikiinua uso, anajibu. Miaka thelathini kando ya winchi ilikuwa inamla masikio polepole, sauti nyembamba kwanza, halafu nyingine zikafuata. Yeye hakusema lolote, na alikuwa mtu wa haya sana kuhusu mwili wake, mtu ambaye hata kikohozi alitoka nje kukikohoa. Asubuhi moja nilikuwa naosha vyombo uani, na Bi Rehema alikuwa jikoni na kaka yake aliyekuja kumjulia hali. Nilimsikia akisema, "Hata adhana haisikii tena. Aenda msikitini kwa saa ya mkononi. Hutazama saa, huinuka, na mimi hujitia sijui." Kaka yake akasema apelekwe hospitali. "Kashakataa. Wallahi, ukimwambia hasikii atavunjika."

Jioni ile Bi Rehema alikuja chumbani kwangu, akaketi kitandani, jambo ambalo hakuwa amelifanya kabla. "Mwanangu, wewe umeshajua." "Abee, nimejua." "Usimwambie. Akikuuliza kitu, mpe jibu la kumfurahisha. Hana kingine." Nikamwambia ndiyo. Nilikuwa msichana, yeye alikuwa mama mtu mzima, naye alikuwa analia.

Katikati ya mwaka alipata zile kubwa. Zilikuwa mbili, kutoka ukumbi wa sinema uliokuwa umefungwa siku nyingi. Makasha yalinifika kifuani, mbao nzito, na spika zake zilikuwa pana kama ungo. Zilipoteremshwa mkokotenini mzee alizizunguka, kisha akaishika moja kama mtu anayeshika bega la ndugu. Alikuwa amezisikiliza akiwa kijana, alitwambia, yeye na wenziwe wa bandarini, wakilipwa mshahara wanakwenda pamoja, viti vya mbele. Aliapa atazifufua zote mbili, na siku ya siku awaite wale waliobaki waje wasikilize. Kwa miezi mitatu hakugusa spika nyingine. Alinenepa kwa furaha. Alivaa kanzu safi kufanyia kazi, Bi Rehema akamgombeza, akacheka.

Ya kulia ilikubali mara moja. Ya kushoto ilitusumbua. Ukingo wa kwanza ulipasuka. Wa pili niliukata Jumatatu jioni nimetoka zamu mbili mfululizo, macho yanauma, na kitambaa kilikuwa kinakaribia kwisha. Kitambaa cha namna ile hutakiwi kukikata kwa kufuata uzi, hukatwa mshazari ili kivutike sawa pande zote. Nilijua hilo kuliko nilivyojua jina langu. Lakini kwa mshazari kisingetosha, nami nikajiambia hakuna atakayeona. Mzee akakigandisha. Jumatano tukaijaribu. Aliisukuma karatasi kwa vidole, taratibu, akaitikia kwa kichwa, maana kwa vidole koili haikugusa. Akaweka santuri. Sauti ilipokuwa chini ilikuwa njema. Ilipopanda, nikausikia. Mkwaruzo, mkavu, kama ukucha kwenye gunia.

"Wasikiaje?" akaniuliza.

Kiganja chake kilikuwa juu ya kasha. Alikuwa anatabasamu. Nimekuwa nikijiambia maisha yangu yote kwamba nilimwonea huruma, na nilimwambia Bi Rehema hivyo, na padri pia. Lakini kabla ya huruma kulikuwa na kitu kingine. Nilijua ule mkwaruzo umetoka wapi. Nilijua nikisema, atafungua, ataona jinsi nilivyokata. Nikasema, "Yaimba, mzee."

Aliwaita wenziwe Jumapili ile, baada ya sala ya alasiri. Walikuja wanne. Watatu sasa majina yao yamenitoka. Wa nne alikuwa Mutua, mtu wa bara aliyeletwa na kazi ya bandari akazeekea Magongo, mkubwa wa mwili, asiyejua kuzungusha maneno. Walipangwa kwenye viti vya kuazima. Bi Rehema alikuwa amepika pilau tangu asubuhi. Mimi nilisimama kando ya dirisha. Mzee aliteremsha sindano juu ya santuri kwa mikono miwili, akarudi nyuma hatua moja, akatazama nyuso zao.

Mwanzoni zilikuwa nyuso alizozitaka. Kisha muziki ukapanda, na yule wa kushoto kabisa akakunja uso kidogo, akamtazama jirani yake. Jirani akatazama chini. Mzee hakuelewa. Aliongeza sauti. Mkwaruzo ukaongezeka. Mmoja akajitia kukohoa, na wangekula pilau yao wakasifu wakaenda zao, kama si Mutua.

"Athmani," alisema, "hii ya kushoto inakwaruza."

Mzee aliona midomo ikisogea. "Wasemaje?"

"Inakwaruza! Hii ya kushoto! Kwani wewe husikii?"

Neno lile lilisimama katikati ya chumba. Mutua mwenyewe alilisikia likitoka, nikaona anataka kulirudisha. Mzee alinigeukia. Hakuwa na hasira, alikuwa ananiuliza tu, kama alivyoniuliza kila Jumapili.

"Sidi. Yakwaruza?"

Bi Rehema alikuwa mlangoni na sinia. Alinitikisia kichwa kidogo sana, usiseme. Lakini watu wanne walikuwa wanasikia kile ambacho mimi ningekikana.

"Ndiyo, mzee."

"Tangu leo?"

"Tangu Jumatano."

Aliinama akainua sindano, akaifuta santuri kwa kitambaa, akaitia kwenye bahasha yake. Alizima amplifaya. "Kuleni," aliwaambia wageni. "Chakula chapoa." Wakala. Walipoondoka, nilibaki kukusanya sahani, naye akaja akasimama mbele yangu mahali ambapo angeniona uso. "Mimi nilitaka masikio kwako, Sidi," alisema. "Huruma ninayo nyumbani."

Asubuhi yake nilikuwa najitayarisha kwenda zamu, nikawasikia juu ya ukuta. Mtu asiyesikia hajui sauti yake imefika wapi, na mzee alidhani ananong'ona. "Wewe na yule mtoto mwanibembeleza kama mgonjwa. Na adhana je? Pia wajua?" Bi Rehema akajibu kitu kidogo. "Sisikii!" alisema mzee. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka. Bi Rehema, mwanamke aliyeona aibu hata kumtaja mumewe kwa jina, ilibidi apaze sauti. "Najua! Tangu Ramadhani!" "Na hukunambia!" "Nilikuogopea!" "Nini?" "Nilikuogopea, Athmani! Nilikuogopea!" Uani mtu aliyekuwa akifagia aliacha kufagia. Nyumba nzima ilikuwa inasikia, vyumba sita, huku yule mama akipiga kelele maneno ambayo mke humwambia mume sikioni.

Wiki tatu hakuniita. Nilimwamkia koridoni, akanijibu marahaba, akapita. Chumba cha pili kilifungwa kwa kufuli. Bi Rehema aliendelea kuniletea chakula, lakini alikiacha mlangoni, maana mimi na yeye tulikuwa tumekosa pamoja na kila mmoja alikuwa kioo cha mwenziwe. Nilikonda. Jumapili ya nne sikwenda kanisani. Nilimkuta mzee ameketi kwenye ngazi ya nje, nikachuchumaa mbele yake, nikasema kwamba kitambaa cha kushoto nilikikata vibaya mimi, nilijua, na niliuficha mkwaruzo ili nisishikwe. Hakunipata. Nikarudia kwa sauti. Bado. Mara ya tatu nilikuwa napiga kelele, na waliokuwa wakifua walikuwa wanasikia kila neno, na mpita njia pia. Kumwungamia mtu asiyesikia ni kuungama mbele ya mtaa.

Alinitazama sana. "Kumbe hukunihurumia tu."

"La, mzee. Nilijificha."

Aliachia pumzi, na nusura atabasamu. "Hilo afadhali. Kosa la fundi nalijua dawa yake." Akatoa ufunguo mfukoni.

Tulianza upya. Nilinunua kitambaa kizuri kwa mshahara wangu, nikakata mshazari, polepole. Alichomeka vipande vya filamu ya picha kati ya koili na sumaku ili isimame katikati gundi ikikauka, mimi nikishika taa. Tulipoipiga, aliniuliza, nikamwambia, "Bado." Akaifungua. "Bado, mzee." Akaifungua tena. Kila nilipolisema neno lile niliona linavyomuumiza, na kila nilipolisema nilihisi ninalipa. Mwezi ulipita hivyo. Kisha siku moja, saa kumi jioni, niliweka sikio langu hapa, nikaliweka pale, nikaongeza sauti mpaka bati likatetemeka. Hakuna kitu. Sauti ilikuwa pana na safi, na ilipopanda ilifunguka.

"Haikwaruzi," nikasema. Machozi yalikuwa yananitoka. "Mzee, haikwaruzi kabisa."

Aliutazama mdomo wangu. Aliutazama muda mrefu, nami nikaona anataka kuniamini, anajaribu, kama mtu anayejaribu kuinua mzigo uliomzidi. Kisha akachukua kofia yake ukutani, akatoka. Alikwenda kwa miguu mpaka Magongo. Nilikaa na zile spika zikiwa zimezimwa, na Bi Rehema akaja akakaa nami. Aliporudi alikuwa na Mutua. Mutua akapigiwa santuri, akainama kwenye ya kushoto, akainama kwenye ya kulia, akasimama, akamwinulia mzee kidole gumba. "Iko sawa," alisema kwa sauti kubwa. "Safi kabisa."

"Alhamdulillahi," alisema mzee, akaketi. Uso wake ukafunguka. Hakukusudia kuniumiza, nadhani hata hakukumbuka kwamba nipo.

Mwisho wa mwaka kiwanda kilipunguza watu, nami nikiwa mmoja wao. Nikaolewa na Chengo, fundi wa kupaka rangi, tukahamia Likoni. Nilirudi Chaani mara moja kuwasalimu. Mzee alifurahi, akanishika mkono, akaniambia niseme polepole ili anisome. Tulizungumza habari za bei ya nazi. Zile spika kubwa zilikuwa zimefunikwa shuka, na hakukuwa na nyingine iliyofunguliwa mezani. Nilipozaa mtoto wa kwanza sikwenda tena. Mzee alipofariki nilipata habari miezi miwili baadaye, kwa mtu niliyekutana naye kwenye feri, maana hakuna aliyefikiri kwamba nilipaswa kuambiwa. Bi Rehema alihamia kwa binti yake. Spika zilikwenda wapi, sikuuliza.

Miaka tisa iliyopita Chengo aliugua. Tulidhani ni kifua, kile cha mafundi wa rangi, tukanunua dawa za kikohozi mpaka akashindwa kupanda kitanda. Hospitalini daktari aliniita pembeni, akanieleza. Nduguze walikuwa wamejaa kwenye ukumbi wa kungojea, na kaka yake mkubwa, mtu mwenye heshima ambaye Chengo alimwamini kama baba, alinikamata mkono. "Shemeji, mwambie atapona. Usimvunje moyo." Niliingia, nikavuta kiti, nikakiweka pale ambapo angeuona uso wangu wote. Aliniuliza, "Daktari kasemaje?"

Nilimwambia. Nilimwambia ni saratani, na haitoki, na kwamba daktari alisema miezi, wala hakusema miaka. Maneno sikuyapunguza. Yeye alinitazama muda mrefu, mdomo, macho, kisha mdomo tena, nami nilishikilia kiti kwa mikono yote miwili. Kaka yake alikuwa nyuma ya mlango, hatua tano. Nilingoja amwite. Nilingoja aseme, mwambie kaka aingie anieleze.

Hakumwita mtu.

"Haya," alisema Chengo. "Basi nipeleke nyumbani."